Sahani Iliyofunikwa Kawa: Maswali Yenu Kuhusu Mabango ya Filamu

Mwezi huu barua zenu zimenirudisha juu ya ngazi. Kabla sijakaa kwenye meza hii nilikuwa mchora mabango, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kumfanya mpita njia asimame. Sikuwa na muziki wala kipaza sauti. Nilikuwa na ubao mmoja na makopo matatu ya rangi. Kwa hiyo mlipoanza kuniuliza habari za mabango ya filamu, na jinsi picha moja inavyoweza kumtia mtu hamu ya kitu ambacho hajakiona, niliweka kando maswali mengine yote. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu, na mwenyewe ataelewa kwa nini.

*Shikamoo Fundi. Mimi ni kijana wa Bagamoyo, nimemaliza filamu yangu ya kwanza, dakika 52. Inamhusu mwanamke ambaye mumewe alikwenda dago, kambi ya wavuvi ya mbali, wenzake wakarudi, yeye hakurudi. Kila mmoja wa waliorudi ana maelezo yake, na mke haamini hata mmoja. Kila usiku anampakulia mumewe sahani na kuifunika. Sasa nimefika kwenye bango. Nina waigizaji tisa, wote wanataka sura zao zionekane. Anayetaka kuisambaza anasema niweke na jahazi linalowaka moto, ingawa kwenye filamu hakuna jahazi lililowaka, kwa sababu eti watu wanapenda moto. Rafiki yangu aliyesomea uchoraji ananiambia picha moja tu inatosha. Nimsikilize nani? Na hiyo picha moja inapatikanaje?*
Msomaji, Bagamoyo

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kumaliza, maana wanaoanza ni wengi. Msikilize rafiki yako.

Umekulia pwani, kwa hiyo umetegewa vitendawili kabla hujajua kusoma. Kumbuka mchezo unavyokwenda. Anayetega anasema "Kitendawili", nyinyi mnaitikia "Tega". Anasema, "Nyumba yangu haina mlango." Kisha ananyamaza. Kazi yote iko kwenye kule kunyamaza. Mnahangaika: kaburi? jiwe? nazi? Mkishindwa anadai mji, mnampa Mombasa au Tabora, anatamba nao kidogo, ndipo anasema: yai. Sasa mchukue mtegaji mwingine, anayesema, "Nyumba yangu haina mlango, nyeupe, imetagwa na kuku, ukiipasua unakaanga." Nani atampa mji? Bango la filamu linatega, na tiketi ndiyo mji. Bango lenye sura tisa na jahazi linalowaka ni la huyu mtegaji wa pili.

Mimi jambo hili nilifundishwa Tanga mwaka 1984, na lilinichoma. Fundi wangu alikuwa na kazi ya sinema moja ya pale mjini. Kila wiki tuliletewa picha mbili tatu za filamu inayokuja, na ikifika Alhamisi bango lilitakiwa liwe limetundikwa. Ubao ulikuwa uleule wa plaiwudi, futi nane kwa nne, wiki nenda wiki rudi. Tulipaka rangi nyeupe juu ya picha ya wiki iliyopita, tukapiga miraba kwa uzi uliosuguliwa chaki, tukaanza upya. Ukiukwangua pembeni kwa kucha uliona matabaka kama ya kitunguu, nyeupe, kisha nyekundu ya sari ya mtu, kisha nyeupe tena.

Wiki moja fundi aliniachia ubao peke yangu. Ilikuwa filamu ya majambazi. Nikaweka kila kitu: wanaume watano wenye bastola, gari lililopinduka, mwanamke analia, moto nyuma yao, na kwenye kona ya chini mkono wa mtu umeshika komeo la mlango. Mkono ule niliutoa kwenye picha ndogo kuliko kiganja changu, nikauchora kwa subira mpaka kucha zikaonekana. Fundi alirudi kutoka kuswali alasiri, akasimama, akatazama. Hakusema kitu. Akachovya brashi pana kwenye rangi nyeupe, akawafuta majambazi wangu mmoja baada ya mwingine, akafuta gari, akafuta mwanamke, akafuta moto. Akaubakisha mkono.

"Huyu anafungua au anafunga?" aliniuliza.

Nikamwambia sijui.

"Basi na wao hawajui. Watalipa wakajue."

Usiku ule sikula. Lakini Ijumaa jioni nilipita mbele ya sinema nikakuta wanafunzi wamesimama chini ya ule ubao mweupe wanabishana. Mmoja anasema anafungua, tazama kidole gumba kilipo. Mwingine anasema anafunga, tazama kifundo kilivyokaza. Nilikaa ng'ambo ya barabara kwenye kizingiti cha duka lililofungwa, nikawatazama mpaka wakaingia ndani.

Bango ambalo nimelisoma kuliko kitabu chochote ni la Jaws, filamu ya Steven Spielberg iliyotoka Marekani mwezi Juni 1975. Bila shaka umeliona, au umeona moja ya nakala zake, maana limeigwa mno. Juu kuna jina kwa herufi nyekundu. Chini ya jina kuna maji, na mwanamke anaogelea juu juu. Chini yake, kutoka kwenye kina, kichwa cha papa kinapanda wima, mdomo wazi, meno nje. Basi. Hakuna mashua, hakuna polisi, hakuna damu hata tone.

Aliyeichora picha ile ni Roger Kastel, na hakuichorea filamu. Aliichora iwe jalada la toleo la bei nafuu la riwaya ya Peter Benchley, watu wa filamu wakaipenda wakaichukua kama ilivyo. Ili ampate papa wake alikwenda kuwatazama papa kwenye jumba la makumbusho ya viumbe huko New York. Mwanamke alimpata karibu zaidi: mwanamitindo aliyekuwa amekuja studio kwa kazi nyingine, akamwomba abaki kidogo, alale kifudifudi juu ya stuli na kuigiza kuogelea. Huwa nalifikiria sana hilo. Picha iliyowafanya watu waogope kutia mguu baharini ilianzia kwa binti aliyelala kwenye stuli, ndani ya chumba kikavu. Mchoro wenyewe wa asili ulipotea. Zimebaki nakala zilizochapishwa.

Sasa fanya hivi. Litafute bango hilo, uweke kidole kati ya meno ya papa na mwili wa yule mwanamke. Hapo pana maji matupu. Bango lote liko kwenye hayo maji. Papa anajua, wewe unajua, mwenye mwili wake hana habari. Ukimsogeza papa juu kidogo tu, umeshapata ajali, na watu huitazama ajali, wakasikitika, wakaendelea na safari. Ukimrudisha chini sana, umepata mwanamke anaogelea na samaki anapita zake. Kastel alimweka pale ambapo mtazamaji anataka kupiga kelele na hana wa kumpigia.

Watu wengi hudhani kutia hamu ni kuficha. Nilidhani hivyo hivyo mpaka nikalitazama bango hili vizuri. Kastel hakuficha chochote, amemwonyesha papa na meno yake. Filamu ndiyo iliyoficha: papa wa mashine waliomtengeneza alikuwa akiharibika kila mara kwenye maji ya chumvi, ikabidi Spielberg apige picha bila yeye, na mtazamaji hukaa zaidi ya saa moja kabla hajamwona mnyama yule sawasawa. Kwa hiyo bango lilianika kile ambacho filamu ilikificha, na bado watu walijaa. Alichokizuia Kastel ni wakati. Alisimamisha saa pumzi moja kabla, akaiacha hapo.

Ndiyo maana lile jahazi linalowaka nalikataa mara mbili. Mara ya kwanza kwa sababu halimo kwenye filamu yako. Mara ya pili, na hii ni kubwa zaidi, kwa sababu moto ukishawaka hakuna cha kungoja. Hata kama lingekuwemo ningekuambia uchore kiberiti.

Kuhusu sura za waigizaji sikukatazi. Uso nao unaweza kuwa kitendawili. Litazame bango la Us, filamu ya Jordan Peele ya mwaka 2019: Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, macho yametoka, machozi yanashuka, na mkononi ameshika barakoa ambayo ni uso wake mwenyewe. Ni mtu mmoja tu, lakini unabaki kujiuliza yupi ndiye yeye. Lakini ule ni uso mmoja unaouliza swali moja. Sura tisa zilizopangwa kama picha ya harusi haziulizi kitu, zinatambulisha ukoo.

Waigizaji wako wana haki yao, wamefanya kazi, pengine kwa malipo ya chai. Kwa hiyo jifunze kwa Saul Bass. Mwaka 1955 alitengeneza bango la The Man with the Golden Arm, filamu ya Otto Preminger inayomhusu mpiga ngoma aliyenaswa na heroini. Katikati aliweka mkono mmoja mweusi, umekatwakatwa kama wa karatasi, umepinda pasipopinda mkono wa binadamu, vidole vimekakamaa. Mkono ule unakuambia ugonjwa uko wapi bila sindano kuonekana. Frank Sinatra alikuwa nyota mkubwa wakati huo, na bango halikumtupa: yeye, Eleanor Parker na Kim Novak wamo kwenye vijisanduku kandokando ya mkono. Wanaonekana, lakini mkono ndio unaotawala.

Wewe unaweza kufanya zaidi ya hapo, kwa kuwa hulipii ubao wa plaiwudi. Tengeneza bango kuu moja, kisha tengeneza mengine tisa ya simu, kila mwigizaji na lake, peke yake, pamoja na kitu kilekile kilicho kwenye bango kuu. Kila mmoja atalirusha kwa jamaa zake kwa fahari, na wale jamaa wataanza kuulizana kile kitu ni nini.

Ni kitu gani? Umekiandika mwenyewe kwenye barua yako, ukakipita haraka: kila usiku anampakulia mumewe sahani na kuifunika. Niliposoma hapo niliweka barua chini.

Nakiona hivi. Mkeka, usiku, unaangalia kutoka juu. Sahani mbili za bati, zile zenye maua pembezoni. Moja imeliwa ikaisha, kijiko kimelala ndani yake. Ya pili imefunikwa kawa la ukili. Na kutoka ukingoni mwa bango mpaka chini ya kawa, mstari mwembamba wa sisimizi. Mwanga ni wa koroboi, kutoka upande mmoja, ili kawa litupe kivuli kwenye mkeka. Sehemu nyingine yote iwe mkeka mtupu. Jina la filamu liwe chini, dogo kuliko unavyotaka.

Sisimizi usiwaache hata msambazaji akikucheka. Wao ndio saa yako. Sahani iliyofunikwa peke yake ni chakula cha mtu aliyechelewa. Sisimizi wakishaijua njia, huyo hakuchelewa tena. Na hakuna nyumba ya pwani ambayo haijawahi kumfunikia mtu chakula. Mtazamaji wako ataijua ile sahani kabla hajajua filamu ni ya nini, ataisikia tumboni. Kastel naye alimtegemea mtazamaji ambaye ameshawahi kuogelea na kuwaza kilichoko chini ya miguu yake.

Nilifikiria na mkono, kama ule wa Tanga: mkono wa mwanamke juu ya kawa, hujui anafunika au anafunua. Piga picha zote mbili. Kisha zipunguze mpaka ziwe na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, uziangalie kwenye simu ya bei rahisi, juani. Zamani sisi tulivuka barabara tukafumba jicho nusu, na kilichopotea tulikifuta. Siku hizi barabara ni ile simu. Kama mkono unageuka doa, uache. Nina hofu pia kwamba mkono utaleta mtu kwenye picha, na nguvu ya sahani yako ni kwamba mtu hayupo. Lakini filamu ni yako, wewe umeijua kwa mwaka mzima na mimi nimeijua kwa barua moja.

Tafadhali, usiandike chini ya picha "Nani atakula?" au chochote cha namna hiyo. Umeshatega, nyamaza.

*Salamu Mzee. Nilimpeleka kijana wangu kuona filamu fulani kwa sababu bango lake lilikuwa na simba mkubwa, mdomo wazi. Simba mwenyewe tulimwona sekunde mbili, ndani ya televisheni iliyokuwa ukutani mwa nyumba ya mhusika. Mtoto alilia njia nzima. Huo si wizi? Halafu nimeona kwenye simu mabango ya Ghana yaliyochorwa kwa mkono, yana nyoka na mafuvu ambayo hayamo kabisa kwenye filamu, na watu wanayasifia. Mbona hao wanasamehewa?*
Msomaji, Eldoret

Salamu sana, na mpe pole kijana. Hasira yako ni halali. Mtegaji aliyechukua mji halafu hana jibu amekudhulumu, hakuna jina lingine.

Mabango ya Ghana nayapenda mno, na nitakueleza yalivyokuwa ili uyahukumu mahali pake. Miaka ya 1980 kulikuwa na watu waliozunguka na televisheni, deki ya video na jenereta, kijiji hadi kijiji, wakionyesha filamu kwa kiingilio kidogo. Walihitaji bango linalokunjika, lisilochanika garini, linalovumilia jua na mvua. Wachoraji wakafumua magunia ya unga, yale ya kitambaa cha pamba, wakayaunganisha mawili, wakachora kwa rangi ya mafuta. Mara nyingine mchoraji hakuwa ameiona filamu, alikuwa na kava la kanda tu, au masimulizi ya mwenye deki. Akajazia mwenyewe: misuli, damu, nyoka mwenye kichwa cha mtu. Leo magunia hayo yananunuliwa na wakusanyaji wa sanaa Marekani na Ulaya.

Nimeyatazama kwa jicho la kazi. Mkono wa wachoraji wale ni hodari, wengine wananishinda mbali. Lakini kazi waliyopewa ilikuwa ya mpiga debe. Gari linaondoka usiku huuhuu, kesho halipo, na mpiga debe hana nafasi ya kunyamaza, anaita vituo vyote hadi visivyokuwepo njiani. Waliokwenda kutazama walilijua debe hilo kama wewe unavyolijua la stendi, na walilipa na nyoka asipotokea. Walioweka simba kwenye bango lako hawakuwa na jenereta inayoishiwa mafuta. Walikuwa na muda, na walijua.

Ila usidhani kila kitu kisichomo kwenye filamu ni uongo. Chukua Alien, filamu ya kutisha ya angani ya mwaka 1979. Bango ni jeusi, na katikati gizani linaelea yai. Limepasuka kwa chini na ufa unatoa mwanga wa kijani. Kuna na mstari mmoja wa maneno, alioutunga Barbara Gips, unaosema kwamba huko angani ukipiga ukelele hakuna wa kukusikia. Sasa yai lile, ukilitazama, ni kama la kuku. Ukiingia ndani unakuta mayai ya filamu hayafanani nalo hata kidogo: ni makubwa, ya ngozi, yanafunguka juu kama ua. Kwa kipimo chako bango limedanganya. Lakini mtu aliyetoka kwenye Alien hakudai kurudishiwa fedha zake. Aliahidiwa kwamba kitu kitatoka mahali kilipofichwa, na kilitoka, tena mahali ambapo hakupategemea. Ni nyumba isiyo na mlango, na jibu lilikuwepo.

Hicho ndicho kipimo ninachokitumia. Siulizi kama kitu kilichochorwa kimo. Nauliza kama hofu niliyoonyeshwa, au hamu, au kicheko, nimelipwa nilipokaa kwenye kiti. Simba wa kijana wako alikuwa ahadi, na haikulipwa.

*Fundi, tunaandaa tamasha letu la kwanza la ngoma hapa Dodoma. Mkuu wetu ameona bango la Batman lililokuwa na nembo tu, bila neno, anataka na sisi tuweke nembo yetu peke yake na tarehe. Unasemaje?*
Msomaji, Dodoma

Nasema hapana, kwa sasa. Bango lile la mwaka 1989 lilikuwa na popo mweusi ndani ya duara la dhahabu na tarehe ya Juni 23, na watu walivunja vioo vya vituo vya mabasi ili waliibe bango hilo. Lakini Batman alianza kuchapwa kwenye vitabu vya katuni mwaka 1939. Miaka 50 ya watu kumjua ndiyo iliyosema kwa niaba ya ile nembo. Anayetega lazima atege kwa vitu ambavyo wasikilizaji wanavijua. Nembo yenu bado haijulikani, ila ngoma inajulikana. Pigeni picha ya ngozi ya ngoma kwa karibu, na vumbi la chaki au unga juu yake limeruka kidogo tu hewani, mkono umeshaondoka. Msomaji atasikia mlio. Tarehe iwekeni, hapo mkuu wenu yuko sahihi.

*Assalaam alaykum. Mimi ni bibi wa miaka 74, mzaliwa wa Unguja, naishi Maskati. Nilipokuwa mdogo baba akinipitisha Vuga, mbele ya Majestic, na siku moja palikuwa na picha ya mwanamke kabeba kitu kizito cha mbao begani, mfano wa boriti, uso kauelekeza juu. Nilimuuliza baba anakipeleka wapi. Akaniambia tutakuja kutazama. Hatukwenda tena, mambo yakawa mengine. Mpaka leo namwona mwanamke yule. Wajukuu zangu wanasema nitafute kwenye simu, lakini sijui nitafute jina gani.*
Msomaji, Maskati

Wa alaykum salaam, shikamoo Bibi. Barua yako niliisomea nyumbani kwa sauti, na mke wangu aliniomba niirudie.

Naamini filamu ile ni Mother India, ya mwaka 1957, kazi ya Mehboob Khan, na mwanamke uliyemwona ni Nargis. Kile kitu begani ni plau, jembe la kukokotwa na ng'ombe. Kwenye filamu yeye ni Radha, mkulima aliyebaki na watoto na deni la mkopeshaji wa kijiji, na ng'ombe wakiisha, plau analivuta mwenyewe.

Baba yako alikuonyesha mojawapo ya picha bora zilizowahi kubandikwa mbele ya sinema yoyote. India ya wakati ule ilikuwa na wachora mabango waliokuwa mabingwa kwelikweli. M. F. Husain, ambaye baadaye alikuwa mchoraji mkubwa wa nchi ile, alianzia juu ya ngazi kama mimi, akichora mabango ya sinema Bombay. Mtu asiyeyajua mabango angemchora Radha anavuta plau shambani, kamba mabegani, jasho linamtoka. Ungelielewa tendo, ukapita. Yeye amelibeba begani. Hujui anakwenda nalo shambani au anarudi, kaanza au kachoka. Na wewe, mtoto wa miaka saba au minane, uliuliza swali lenyewe hasa ambalo picha ilitaka uulize: anakipeleka wapi? Fundi wangu angekushika mkono.

Waambie wajukuu waandike maneno hayo mawili, Mother India. Ina urefu wa karibu saa tatu, basi ianzeni mapema, baada ya alasiri, na mpumzike magharibi ikiingia. Watengee na wao nafasi wakae karibu yako, kwa sababu watataka kuuliza. Umeushika mji wako kwa zaidi ya miaka 60, Bibi, kwa hiyo mwisho wa filamu sitautaja hapa. Ukishaitazama niandikie alikuwa anakipeleka wapi.